Konstanz, Lindau au Meersburg: ulale mji upi ukienda Bodensee?

Kwa mwenye haraka: kama una siku moja tu na unatokea München, nenda Lindau. Kama una siku mbili tatu, lala Konstanz. Meersburg usiikose, ila vuka kwa feri kutoka Konstanz asubuhi, urudi jioni. Kulala kule kunawafaa wawili waliotoka fungate, au mtu anayetafuta ukimya amalize kitabu chake.

Mwenye muda asome sababu, maana miji hii mitatu inauzwa kwa picha zinazofanana mno. Maji ya buluu, mnara, milima yenye theluji ng'ambo, mtu ameshika glasi. Kwenye picha huoni tofauti. Kwenye miguu na mfukoni utaiona.

Yote mitatu iko kando ya Bodensee, ziwa ambalo ramani nyingi zinaliita Constance, linalogawanywa na Ujerumani, Uswisi na Austria. Mto Rhein unaingia upande wa mashariki na kutokea magharibi. Aliyekulia Mwanza au Kisumu atacheka akiambiwa hili ni ziwa kubwa: kilomita za mraba 536, wakati Viktoria lina karibu 68,000. Lakini asilidharau. Kina chake kinafika mita 251, na upepo wa huku hauna subira. Ukikodi mashua, angalia taa za rangi ya chungwa zilizosimikwa kuzunguka ufukwe. Zikimetameta mara 40 kwa dakika, upepo mkali unakuja. Zikimetameta mara 90 kwa dakika, ni dhoruba, na hapo hakuna mjadala, unarudi nchi kavu.

Historia: ya kusikiliza, ya kuingia ndani, ya kutazama

Hapa ndipo miji hii inapoachana kabisa, na ndipo mimi naipa Konstanz kura yangu.

Mwaka 1414 Kanisa la Magharibi lilikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akidai yeye ndiye halali na wenzake ni wezi. Mfalme Sigismund akashinikiza uitishwe mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, nao ukakaa Konstanz hadi 1418. Mji wa watu elfu chache ukajaa maaskofu, wakuu wa nchi, mabalozi, makarani, wapishi na kila aina ya mfanyabiashara anayefuata watu wenye fedha. Mapapa wote watatu waliondoka kwenye kiti, mmoja kwa kujiuzulu na wawili kwa kuvuliwa. Novemba 1417 wapiga kura 53, yaani makardinali 23 na wajumbe 30 wa mataifa, walifungiwa ndani ya ghala la wafanyabiashara lililojengwa 1388 ufukweni. Tarehe 11 walitoka na jina moja: Oddone Colonna. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino, akajiita Martin wa Tano.

Ghala hilo bado limesimama, hatua chache kutoka stesheni, na watu wanaliita Konzil. Usitegemee makumbusho ndani yake; siku hizi ni ukumbi wa sherehe na mikutano, na kuna mgahawa. Zunguka upande wa ziwa, utazame paa lilivyo zito juu ya kuta. Ukiligeuzia mgongo utamwona Imperia, sanamu la mwanamke la mita 9 na tani 18 lililochongwa na Peter Lenk na kuwekwa mdomoni mwa bandari mwaka 1993. Ni kahaba. Ameinua mikono, na kila kiganja kimebeba kizee kidogo kilicho uchi: mmoja amevaa taji la papa, mwingine taji la kaisari. Sanamu linazunguka polepole, mzunguko mmoja dakika nne hivi, kwa hiyo hata ukikaa kwenye benchi bila kusogea utamwona kote. Lilipowekwa lilizua ugomvi mkubwa. Leo liko kwenye kila kadi ya posta. Kama umekuja na mchungaji wako au na mama mkwe, jiandae kuwaeleza.

Mtaguso huohuo ulikuwa na upande wa damu. Jan Hus, padre na mhubiri wa Praha, alikuja akiwa na hati ya mfalme ya kumhakikishia usalama wa safari. Alikamatwa, akafungwa, na kwa muda aliwekwa katika konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Wadominiko kwenye kisiwa kidogo kando ya mji. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto akiwa hai. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei, rafiki yake Jerome wa Praha naye akachomwa. Konventi ile sasa ni hoteli ya kifahari, jambo ambalo mimi huwa naliona gumu kidogo kumeza, ingawa bustani yake inapendeza. Kwenye mtaa wa Hussenstraße kuna nyumba ya makumbusho ya Hus, na nje ya mji wa kale, kwa mwendo wa miguu, kuna jiwe kubwa jeusi lenye majina ya wote wawili. Jiwe ni la kimya na halina foleni. Ukipanga kuona kitu kimoja tu cha huzuni Konstanz, kiwe hicho.

Baada ya hapo potea ndani ya Niederburg, mtaa wa zamani zaidi, kati ya kanisa kuu na mto. Inua macho usome kuta: nyumba nyingi zina jina lake, na nyingine mwaka, vimeandikwa juu ya mlango, kama watu wanaojitambulisha. Vita vya pili vya dunia havikuvunja mji huu. Wenyeji wanasimulia kwamba waliacha taa zikiwaka usiku kama majirani zao wa Kreuzlingen, mji wa Uswisi uliopakana nao ukuta kwa ukuta, na marubani wa ndege za mabomu wakashindwa kujua Ujerumani inaishia wapi. Kanisa kuu lenyewe, Münster, halina kiingilio, ila mnara unalipiwa. Wengi hupanda mnara, wakapiga picha, wakaondoka. Wewe usitoke kabla hujaulizia rotunda ya Mauritius, kanisa dogo la duara la karne ya 10 lililojengwa kwa kuiga Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Ndani yake kuna kaburi la mawe la karne ya 13 lenye sanamu ndogondogo pande zote, na mara nyingi utakuwa peke yako nalo.

Meersburg ni mwendelezo wa hadithi hiyohiyo, na ndiyo maana nasema iendewe kutoka Konstanz. Mageuzi ya Kiprotestanti yalipoishika Konstanz miaka ya 1520, askofu alifungasha akahamia ng'ambo ya ziwa, Meersburg, na waliomfuata wakaendelea kutawala wakiwa huko hadi utawala wao ulipofutwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwanza walikaa kwenye ngome ya kale. Baadaye, karne ya 18, wakaona haitoshi hadhi yao, wakajenga kasri jipya la rangi ya waridi pembeni yake, lenye ngazi pana za ndani na dari zilizochorwa. Kwa hiyo utakuta kasri mbili zinatazamana kwenye mwamba mmoja. Jambo la kujua kabla hujatoa pochi: ngome ya kale ni mali ya watu binafsi na kasri jipya ni la serikali ya jimbo la Baden-Württemberg. Tiketi ya moja haifungui mlango wa nyingine.

Kama fedha inaruhusu moja tu, chukua ngome ya kale bila kusita. Kasri jipya linapendeza, lakini makasri ya aina yake Ujerumani ya kusini yamejaa. Ngome ni kitu kingine. Mapokeo yanaihusisha na Dagobert, mfalme wa Wamerovingi wa karne ya 7, na wenyeji wanajigamba kuwa ndiyo ngome kongwe inayokaliwa na watu Ujerumani nzima. Unaingia kwa daraja juu ya korongo, unajitembeza mwenyewe: jiko lenye moshi ulioganda ukutani, ukumbi wa silaha, ngazi nyembamba ambazo mtu mnene atazipita kwa ubavu. Kisha ghafla unatokea kwenye chumba kidogo cha raia wa kawaida, chenye kitanda na dirisha la ziwa. Hapo ndipo alipofia mshairi Annette von Droste-Hülshoff, tarehe 24 Mei 1848. Shemeji yake, Joseph von Laßberg, alikuwa ameinunua ngome hiyo muongo mmoja kabla. Waliowahi kushika noti ya marka 20 kabla ya yuro wamemshika Annette mkononi, maana sura yake ndiyo iliyokuwa pale. Juu zaidi, katikati ya mizabibu, kuna nyumba ndogo, Fürstenhäusle, aliyoinunua 1843 ili awe na pake pa kuandikia. Kutoka pale unaona ziwa lote. Alikaa nayo miaka michache tu.

Lindau sasa. Mji wa kale wote ni kisiwa, umeunganishwa na bara kwa daraja na kwa tuta la reli. Ulikuwa mji huru chini ya kaisari, na 1496 Bunge la Milki lilikutana kwenye ukumbi wake wa manispaa, jengo ambalo kuta zake za nje zimechorwa picha kutoka chini hadi juu. Kanisa la Peter, dogo na la zamani sana, lina michoro ya ukutani ya Hans Holbein Mkubwa. Ni kazi ya thamani, lakini limefanywa kumbukumbu ya waliokufa vitani, na wageni wengi hulipita bila kujua wamepita nini. Tangu 1951 washindi wa tuzo za Nobel hukutana Lindau kila majira ya joto na watafiti vijana kutoka duniani kote, Afrika ikiwemo, na wiki hiyo vyumba vya hoteli hupotea.

Hayo yote ni kweli, na bado nasema: hakuna mtu anayeenda Lindau kwa ajili ya historia. Wanaenda kwa ajili ya bandari. Bavaria ilipoipata Lindau mwanzoni mwa karne ya 19 ilitaka majirani wajue, ikajenga mlango wa bandari wenye simba wa mawe wa mita 6 upande mmoja na mnara wa taa wa mita 33 upande wa pili, vikakamilika 1856. Simba amewapa mgongo wenyeji. Anatazama Uswisi na Austria. Mnara unapandwa kwa miguu, zaidi ya ngazi mia, na juu yake siku ikiwa safi Alps zinasimama mbele yako kana kwamba mtu amezisogeza. Konstanz haina mandhari hiyo. Meersburg inayo, lakini kwa mbali zaidi. Kwa macho, Lindau inawashinda wote, na mimi sibishani nayo.

Miguu

Hili watu hawaliulizi mpaka wamefika. Meersburg ina mji wa chini, uliolala kando ya maji, na mji wa juu, zilipo ngome na kasri. Kati yao kuna Steigstraße, mteremko wa mawe uliobanwa na nyumba za fremu za mbao, mzuri kwa picha na mbaya kwa magoti. Mvua ikinyesha mawe yale yanateleza. Mtu mwenye kigari cha mtoto atakibeba zaidi ya kukisukuma. Ndani ya ngome ngazi ni nyingi zaidi.

Lindau ni tambarare. Unashuka kwenye treni kisiwani na bandari iko palepale, mtaa mkuu wa Maximilianstraße uko nyuma yake, benchi kila mahali. Kwa hiyo ukija na mama au mzee ambaye miguu haimtii tena, sahau niliyosema juu ya Konstanz na historia nzito. Mpeleke Lindau, mkalishe mbele ya simba, mletee kahawa na keki. Ataikumbuka.

Konstanz iko katikati: mji wa kale hauna vilima, lakini umetawanyika, na vizuri vyake vingi viko nje. Utahitaji basi.

Kufika, na kuzunguka

Kutoka München, treni za masafa marefu kwenda Zürich hupitia Lindau, karibu saa mbili hivi. Angalia jina la stesheni kwenye tiketi: tangu Desemba 2020 treni hizo husimama Lindau-Reutin, iliyo bara, wala si kisiwani. Kutoka hapo unabadilisha treni ya dakika chache au basi. Mkiwa kundi, tiketi ya Bayern hubeba hadi watu watano kwa treni za mkoa na inafika Lindau. Siku za kazi huanza saa tatu asubuhi, na mwendo ni mrefu kidogo kuliko wa treni ya haraka. Kwa familia hakuna cha kushindana nayo kwa bei.

Konstanz kutoka München ni safari ya kuchosha, ndiyo maana kwa siku moja siishauri. Lakini anayetokea Zürich, au aliyeshukia uwanja wake wa ndege, ana treni ya moja kwa moja ya kama saa moja. Anayetokea Karlsruhe au Offenburg atapita reli ya Msitu Mweusi, yenye mahandaki na mizunguko kiasi kwamba safari yenyewe ni utalii. Anayetokea Stuttgart kwa kawaida hubadilisha Singen. Wenye tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima wanaitumia kwenye treni zote hizi za mkoa bila kuongeza senti, ila upande wa Uswisi una hesabu yake.

Meersburg haina stesheni ya treni. Unafika kwa basi kutoka Friedrichshafen au Überlingen, kwa gari, au kwa maji. Feri ya magari kati ya Konstanz-Staad na Meersburg imekuwa ikivusha tangu 1928, inafanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, na inavuka kwa robo saa. Abiria wa miguu hulipa kidogo tu. Panda ghorofa ya juu, ukae upande wa kulia ukielekea Meersburg: mizabibu na kuta za ngome zitakua mbele yako taratibu. Kwangu hiyo feri ndiyo matembezi bora ya ziwani kwa bei ndogo kuliko yote. Meli nyeupe za watalii ni nzuri pia, lakini hutembea hasa kati ya majira ya kuchipua na Oktoba, huenda polepole, na kutoka Konstanz hadi Lindau utamaliza nusu siku ndani.

Nyaraka. Mpaka wa Konstanz na Kreuzlingen unapita katikati ya mitaa, na pale ufukweni uzio uliondolewa, zikawekwa sanamu ndefu za chuma cha pua za Johannes Dörflinger badala yake. Unaweza kuvuka unatembea na aiskrimu mkononi. Viza ya Schengen inafaa nchi zote tatu za ziwa hili. Lakini tembea na pasipoti au kibali chako cha ukaazi, si picha yake kwenye simu. Polisi na watu wa forodha wanakagua treni na mabasi ya mpakani, na sisi, tusidanganyane, huwa hawaturuki. Bidhaa nazo zina mipaka yake, maana Uswisi haimo kwenye umoja wa forodha wa Ulaya: ukibeba kilo nyingi za nyama kumpelekea binamu wa Winterthur, zitakutia matatani.

Jioni, kitanda na sahani

Saa kumi na mbili jioni Lindau inapumua. Wageni wa siku wamepanda treni, na waliobaki kisiwani ni wachache wenye hoteli. Katika Julai na Agosti huo ndio wakati wake mtamu. Novemba ni upweke mtupu, ukungu umekaa juu ya maji siku nzima na zile Alps ulizolipia hazionekani hata kwa dawa. Meersburg usiku hulala mapema zaidi.

Konstanz ina chuo kikuu kilichoanzishwa 1966, na wanafunzi wanaufanya mji uishi mwaka mzima: baa, mikahawa ya bei nafuu, watu wameketi ufukweni na vyakula vyao hadi giza liingie, jambo ambalo Juni hutokea saa nne usiku. Ufukwe wa kuogelea wa Horn, mwisho wa njia ya basi, hauna kiingilio, na maji ya Agosti yanaogeleka hata kwa mtu wa Pwani aliyezoea ya vuguvugu. Ila Jumamosi epuka maduka. Waswisi huvuka kwa wingi kununua dawa ya meno, nyama na nguo kwa bei ya yuro kisha wakadai kurudishiwa kodi, na foleni za kulipia huenda hadi kwenye rafu za nyuma. Jumapili maduka yamefungwa, kama Ujerumani yote.

Vitanda: Konstanz ina aina nyingi zaidi, kuanzia hosteli. Kisiwani Lindau na katika Meersburg bei hupanda kiangazi na vyumba huisha mapema. Ukiitaka Lindau kwa bei ya kibinadamu, lala upande wa bara, Aeschach au Reutin, uingie kisiwani kwa basi au baiskeli. Kote watakutoza kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku. Usiilipie bure: ulizia kadi ya mgeni mapokezi, kwani sehemu nyingi kadi hiyo hufuta nauli ya basi.

Chakula cha ziwa hili kinachotajwa kila mahali ni Felchen, samaki mweupe laini asiye na shombo. Habari ambayo menyu haikuambii: samaki hao wamepungua vibaya, na tangu mwanzo wa 2024 uvuvi wake kwenye sehemu kuu ya ziwa umesimamishwa kwa miaka mitatu. Ukiona Felchen kwenye orodha, muulize mhudumu ametoka wapi. Hatakasirika, swali hilo amelizoea. Dünnele, mkate mwembamba uliookwa na malai na vitunguu, karibu kila mara huwekwa vipande vya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema. Konstanz ina msikiti wa Waturuki wenye mnara, na chakula cha halali kinapatikana bila kuhangaika. Lindau utakipata kwa kutafuta. Meersburg beba chako. Kwa wanywaji mambo hugeuka: Meersburg ndiyo yenye mizabibu hadi mlangoni, na shamba la mvinyo la serikali ya jimbo liko juu ya mwamba palepale pembeni ya kasri jipya.

Cha kuongeza, kutegemea ulipolala

Aliyelala Konstanz ana visiwa viwili. Mainau ni bustani ya maua ya hekta 45, kiingilio si kidogo, watoto wanaipenda, na Aprili na Mei hadi mimi ninayechoka haraka na maua hukubali. Reichenau haikutozi kuingia, na ndiyo ningekupeleka. Monasteri ilianzishwa hapo 724, na mwaka 2000 kisiwa kikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Unafika unakuta wakulima: mashamba ya saladi, nyanya, matango, vibanda vya kioo, na katikati yake makanisa matatu ya kale. Kanisa la Mtakatifu Georg, la kwanza ukitoka bara, lina michoro ya karne ya 10 inayoonyesha miujiza ya Yesu, mikubwa, imejaza kuta zote mbili za ukumbi. Halafu chini, pembeni, kuna mchoro wa karne za baadaye ambao kila mtu hucheka: mashetani wanne wameshika ngozi ya ng'ombe wakiandika juu yake umbea wa wanawake wawili, na ngozi inakaribia kujaa. Miezi ya joto kanisa hilo huingiwa kwa ziara za kuongozwa pekee, saa maalumu, kwa sababu pumzi na jasho letu vinaharibu rangi. Angalia ratiba kabla ya kupanda basi.

Aliyelala Meersburg ana Unteruhldingen karibu, penye makumbusho ya nyumba za nguzo juu ya maji yaliyofunguliwa 1922. Nyumba zimejengwa upya kuonyesha maisha ya miaka elfu kadhaa iliyopita. Masalia ya kweli yamo chini ya tope, na hayo ndiyo UNESCO iliyoyaorodhesha 2011 pamoja na mengine ya kuzunguka Alps. Jirani yake ni kanisa la Birnau, la katikati ya karne ya 18, ambamo malaika mdogo amelamba asali na kidole bado kiko mdomoni. Aliyelala Lindau ana Bregenz ya Austria kwa dakika chache za treni, na gari la waya la kupanda mlima Pfänder.

Na kama utatoka Lindau kwenda Konstanz, au kinyume chake, usizunguke ziwa kwa treni. Shuka Friedrichshafen, upande boti ya mwendo kasi, inayochukua chini ya saa moja hadi bandari ya Konstanz. Kabla hujapanda, ingia makumbusho ya Zeppelin, kwenye stesheni ya zamani ya bandarini. Ferdinand von Zeppelin alizaliwa Konstanz 1838, na tarehe 2 Julai 1900 chombo chake cha kwanza, puto refu la gesi lenye injini, kiliruka juu ya ziwa hili. Mtanzania ana sababu ya ziada ya kuingia. Novemba 1917 chombo cha kampuni hiyohiyo, L 59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ambalo wakati huo lilikuwa linasukumwa kuelekea mto Ruvuma. Kilifika juu ya Sudan, kikapokea amri ya kurudi, kikarejea kilikotoka baada ya saa 95 hewani na zaidi ya kilomita 6,700. Wapagazi na askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakifa kwa njaa na maradhi katika vita hivyo hawakupata chochote. Makumbusho yana sehemu ya chombo cha Hindenburg iliyojengwa upya kwa ukubwa wake halisi, mita 33, na unaingia hadi vyumba vya abiria. Tenga saa mbili, na uangalie boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, maana jioni hazifuatani kama za mchana.